Keki ya mama ilivyonigomea Mbeya

Keki ya kwanza niliyooka Mbeya ilianguka mbele ya macho yangu. Ilikuwa Jumapili alasiri, mwezi wa sita, baridi ile inayoshuka kutoka mlima Loleza na kuingia mpaka kwenye mifupa, nami nimechuchumaa kibarazani kwenye nyumba ya kupanga, koleo mkononi. Nilifunua mfuniko kuchungulia, nikaikuta imejaa vizuri, imetuna katikati hadi imepita ukingo wa sufuria. Moyo ukatulia. Nikarudisha mfuniko, nikapalia makaa mengine juu. Nilipofunua tena baada ya dakika kumi, katikati palikuwa pamezama, na kandokando imekauka ikasimama kama ukingo wa sinia. Nilipochoma kisu, kilitoka na uji.

Miezi minne kabla ya hapo nilikuwa nimepangiwa kazi ya ualimu huko, nikitokea kwetu Muheza. Ofisini tulikuwa na desturi ya kuleta kitafunwa cha chai kwa zamu: huyu analeta viazi vitamu, yule maandazi, mwingine ndizi za kuchemsha. Zamu yangu ilipofika nilisema nitaleta keki ya viungo ya kwetu. Sikuwa na shaka hata chembe. Keki ile nimeipika na mama tangu nikiwa na miaka tisa, na naijua kwa harufu kuliko ninavyoijua kwa macho.

Ni keki ya siku ambayo hukwenda sokoni. Unga wa ngano uliobaki wa chapati, sukari, siagi ya kopo, mayai mawili, beking poda, chumvi kidogo, na viungo ambavyo nyumba nyingi za pwani zinavyo kwa ajili ya chai na pilau. Haina rangi, haina vanila, haipambwi juu. Mgeni akipiga hodi saa nane mchana na ndani hamna kitu, mama alimkaribisha, akamwekea maji ya kunywa, akaniita jikoni kwa jicho tu. Saa kumi, chai ikishatokota, keki ipo mezani imekatwa vipande.

Vipimo vyake hakuwahi kuviandika. Ana kikombe cha bati, cheupe, chenye mdomo wa buluu, na kikombe hicho ndicho kitabu chake. Unga vikombe viwili, sukari kimoja kamili, tui zito la nazi mpaka rojo “lianguke lenyewe kutoka kwenye mwiko bila kuambiwa”. Beking poda vijiko viwili vya chai, vya kurundika. Siagi na sukari alivipiga kwa mkono, vidole vimetanuka, akizungusha upande mmoja tu mpaka vinageuka vyeupe na punje za sukari hazisikiki tena. Nilipokuwa mdogo nilidhani ule weupe ni ishara kwamba sukari imeyeyuka. Ukweli ni kwamba ni hewa: kila mzunguko unaingiza mapovu madogo ndani ya siagi, na baadaye gesi ya beking poda inayakuta mapovu hayo na kuyapanua. Mama hakuwa na maelezo hayo, ila alijua kwamba ukichoka mapema keki inakuwa nzito, na hakuniruhusu kuchoka.

Kuhusu viungo lazima nikae kidogo, kwa sababu ndivyo vinavyoifanya keki hii iwe yenyewe.

Kutoka Muheza barabara inapanda kwenda Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, pale ambapo Wajerumani walianzisha kituo cha majaribio ya mimea mwaka 1902. Wakulima wa huko juu wanalima iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga, na bidhaa zao zinashuka mpaka kwetu mjini. Kwa hiyo nimekua nikiona iliki kwenye magunia, nimekua nikisikia mdalasini unavunjwa kama kuni kavu. Karafuu mama aliipenda ya Pemba. Shangazi yangu ameolewa Wete, na kila alipovuka kuja Tanga alikuja na kifurushi chake. Wazee wa upande ule husimulia kimbunga cha mwaka 1872 kilichoangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja na kuiachia Pemba nafasi ya mbele, na shangazi alipokuwa akifungua kifurushi kile alijivuna kana kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyeilinda mikarafuu iliyobaki.

Mama alinifundisha kununua viungo kwa vidole na pua. Iliki ichukuliwe na maganda yake, ya kijani, isiwe imepauka. Pasua moja: mbegu ziwe nyeusi na zigandiane kidogo, zikiwa kavu na za kahawia zimeshazeeka. Karafuu ibonyeze kichwa kwa ukucha. Ikiwa nzima utaona unyevunyevu wa mafuta unachungulia. Mdalasini uvunje, halafu unuse pale ulipovunjika, usinuse nje. Kungumanga inunuliwe ikiwa nzima na ikwanguliwe pale pale unapoihitaji. Tangawizi ya keki ni ile kavu, ya kutwanga, maana mbichi inaleta maji na ladha yake ni ya namna nyingine kabisa.

Karafuu ndiyo iliyonipa adabu mapema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, mama kaenda msibani, nami nikaamua kuoka peke yangu. Kwa kuwa naipenda harufu ya karafuu, nikatia kijiko kizima cha chai cha karafuu iliyotwangwa. Keki ilipanda vizuri na kupendeza kwa macho, lakini tonge la kwanza lilituganzisha ulimi sote, na uchungu ukabaki kooni mpaka usiku. Baadaye sana nilisoma kwamba mafuta ya karafuu ndiyo yaleyale yanayotumika kwa madaktari wa meno kutuliza maumivu, nikaelewa kwa nini midomo yetu ilikufa ganzi. Tangu siku hiyo ni karafuu nne kwa keki nzima. Nne.

Sasa turudi Mbeya. Keki ile iliyozama niliikata kandokando palipoiva, nikapeleka ofisini vipande vyembamba, na wenzangu kwa ustaarabu wao wakala wakashukuru. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshajipa jibu: beking poda haikutosha, au imezeeka. Nikanunua kopo jipya. Jumapili iliyofuata nikatia vijiko vitatu vya kurundika.

Ilipanda haraka kuliko ile ya kwanza, ikamwagikia kwenye mkaa, ikanuka moshi wa sukari iliyoungua, kisha ikaanguka yote. Na iliyobaki ilikuwa na ladha ya sabuni.

Mara ya tatu nililaumu moto. Kibaraza changu kilikuwa kinapigwa na upepo, na makaa ya juu ya mfuniko yalikuwa yanapoa kabla ya yale ya chini. Hapo sikukosea kabisa, nitalieleza baadaye. Nikahamishia jiko kwenye kona, nikazungushia bati, nikaoka kwa moto wa kutulia, mdogo mdogo, nikidhani keki inahitaji upole. Ilizama polepole.

Nakiri kwamba ile ya tatu niliililia. Unaweza kushangaa mtu mzima kulilia keki. Lakini nilikuwa mbali na kwetu, lafudhi yangu inachekwa sokoni Mwanjelwa kwa wema tu, tui la nazi bei juu, na kitu kimoja nilichokuwa na uhakika nacho kutoka nyumbani kimekataa mikono yangu mara tatu mfululizo. Nilimpigia mama. Akaniuliza kama nilipiga siagi mpaka ikawa nyeupe. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilifunua mfuniko mapema. Nikasema mara moja tu. Akanyamaza, kisha akasema, “Basi mwanangu, labda ni unga wa huko.” Nikabadilisha unga. Haukuwa unga.

Jibu lilitoka kwenye maharage. Jirani yangu, mama mmoja wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, alinikuta naweka maharage jikoni saa tano asubuhi kwa ajili ya chakula cha mchana. Akaniambia, “Mwalimu, hayo utakula jioni. Huku maharage huanza nayo alfajiri, au uyaloweke tangu jana.” Nilikuwa nimeshaona kwamba maharage ya Mbeya yananichelewesha, ila nilidhani ni aina yake. Kesho yake nililitaja jambo hilo ofisini, nalo likadakwa na mwalimu wetu wa sayansi, mzee aliyekuwa anakaribia kustaafu.

“Shikamoo mwalimu,” nilimwambia, “eti ni kweli maharage ya huku yana ugumu wake?”

“Marahaba mwanangu. Maharage hayana kosa. Maji ndiyo hayana moto.”

Akachukua chaki akanichorea. Mbeya mjini iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayotukandamiza inapungua, na maji yanapata urahisi wa kuchemka kabla ya kufika nyuzijoto 100. Kwetu Muheza, karibu na bahari, yanachemka kwenye mia au pungufu kidogo mno. Mbeya yanachemka kwenye 94 hivi, na hata uchochee moto namna gani, maji yaliyo kwenye sufuria ya kawaida hayapandi zaidi ya hapo. Yanaishia kukauka tu. Maharage yanaogelea kwenye maji yanayotokota, lakini joto lake ni dogo kuliko lile ulilozoea.

Nilimwuliza kuhusu keki. Alisema hajawahi kuoka keki maishani mwake, ila alifikiri kidogo, akaendelea kuchora. Gesi inayotoka kwenye beking poda, hewa ya nje isipoibana sana, inatanuka zaidi. Kijiko kilekile kinafanya kazi ya kijiko na ushee. Keki inapanda mbio, vyumba vyake vya hewa vinakuwa vikubwa na kuta zake nyembamba, na moto wa ndani bado haujaziivisha kuta hizo. Zinapasuka, gesi inatoka, keki inashuka. Nami nilikuwa nimekwenda kuiongezea beking poda.

Nilinunua daftari la kurasa arobaini siku hiyohiyo.

Kabla ya yote ilinibidi nijue mama anatia kiasi gani hasa. Kijiko cha kurundika ni kitu gani? Nilirundika kijiko kama anavyorundika yeye, nikakwangua mgongo wa kisu juu yake, nikapima kilichoanguka. Kijiko kimoja chake kilikuwa kinakaribia viwili vya kukwangua. Kwa hiyo mimi niliyedhani naweka vijiko viwili nilikuwa naweka karibu vinne. Kwetu mwili wa keki ulikuwa unavumilia. Huku juu haukuweza. Kikombe cha bati nacho sikuwa nacho. Nikachagua kikombe kimoja cha plastiki chenye mistari, cha mililita 250, nikaapa kutokitumia kunywea chai.

Nilishusha beking poda hadi vijiko viwili vya kukwangua. Keki ilizama kidogo tu, kama alama ya kidole gumba. Nikajua niko njiani. Wiki iliyofuata nikapunguza sukari: kutoka kikombe kizima hadi robo tatu. Hili sikulipenda, mimi ni mtu wa sukari, lakini lina sababu. Sukari huchelewesha keki kushikana; unga na yai vinahitaji joto kubwa zaidi kukaza pale sukari ilipo nyingi. Na kwa kuwa huku juu maji yanaondoka upesi kwenye rojo, sukari inayobaki inakuwa nyingi kuliko ulivyokusudia. Kwa sababu hiyohiyo nikaongeza maji ya rojo, vijiko vitatu vya chakula zaidi ya kawaida. Na ule moto wa upole nikauacha. Keki ya mahali pa juu inataka moto wa kuchangamka kidogo, ikazike mapema kabla gesi haijafanya fujo.

Keki ya sita kwenye daftari ina maneno haya kwa kalamu nyekundu: IMESIMAMA.

Lakini baridi ilikuwa na neno lake. Siagi ya kopo ambayo Muheza ilikuwa inalegea yenyewe, Mbeya mwezi wa saba ni jiwe. Niliipiga mpaka bega likauma, na mayai yaliyolala kwenye baridi yalipoingia, mchanganyiko ukakatika vipandevipande kama maziwa yaliyoharibika. Unaweza kuweka bakuli karibu na jiko, unaweza kuyaweka mayai kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi, nimefanya yote hayo na yanasaidia. Mwisho niliona siagi inanichosha bure. Nikahamia mafuta ya alizeti, nusu kikombe. Keki ya mafuta haihitaji kupigwa. Unachanganya vya majimaji peke yake, vikavu peke yake, halafu unavikutanisha na kukoroga kwa mwiko mara chache, unga ukishapotea unaacha. Ukiendelea kukoroga unatengeneza mvutano kama wa unga wa chapati, na keki inakuwa ya kutafuna.

Mafuta yalinipa pia zawadi nisiyoitarajia. Jioni moja napika pilau, viungo vinalia kwenye mafuta na nyumba nzima imejaa harufu, nikajiuliza kwa nini kwenye keki navitia vikiwa vikavu ndani ya unga. Manukato ya viungo yamo kwenye mafuta yake, na mafuta hukubaliana na mafuta. Siku iliyofuata nikapasha ile nusu kikombe ya alizeti, joto la kuweza kuvumiliwa na kidole kwa nukta moja, nikaepua, nikatia iliki kumi na mbili zilizotwangwa, mdalasini kijiko kimoja cha chai na nusu, tangawizi kavu nusu kijiko, karafuu zangu nne, na kungumanga niliyoikwangua mara tano sita. Nikafunika mpaka ikapoa. Keki ile ilinukia hadi nyumba ya tatu. Angalizo: mafuta yasiwe ya kukaangia, viungo vya unga vinaungua kwa kupepesa jicho na uchungu wake hautoki.

Wakati mmoja mama alinichelewea kutuma viungo, nikanunua vya unga, vya pakiti, dukani. Rangi ilikuwapo, harufu hamna. Kiungo kikishasagwa, manukato yake yanaanza kuruka siku ileile, na huwezi kujua pakiti imekaa rafuni miezi mingapi. Kama una kinu kidogo na dakika tano, twanga mwenyewe. Hapo sina mjadala.

Tui nalo liliondoka. Jirani yangu alikuwa analetewa maziwa kutoka kwao Rungwe, na yaliyoganda alinigawia kwenye kopo. Nilimjibu “ndaga”, yaani asante kwa Kinyakyusa, niliyofundishwa naye, nikakaa nalitazama kopo lile. Mtindi una uchachu, na uchachu unaamsha magadi soda. Kwa hiyo kwa kikombe kimoja cha mtindi nikatia magadi soda robo kijiko cha chai, kisha beking poda nikaishusha hadi kijiko kimoja cha kukwangua. Mtindi ukiwa mzito, unaongezwa maji vijiko viwili au vitatu. Keki ikawa laini, yenye unyevu, na haikauki hata siku ya tatu. Tui lina utamu wake na nalikumbuka, lakini kwa keki hii, kwa mahali hapa, sasa nachagua mtindi. Mayai yakikosekana hutia vijiko viwili zaidi vya mtindi na kijiko kimoja cha siki. Inatoka fupi kidogo na inavunjika ukiikata ya moto, ila inaliwa yote.

Nilisema nitarudi kwenye moto. Anayeoka kwa mkaa hana namba za kusoma, kwa hiyo ana mambo mawili ya kushika. La kwanza, moto wa juu uwe mkubwa kuliko wa chini. Chini weka makaa machache, yaliyokwisha shika majivu, yatandazwe pembeni yasirundikane katikati. Juu ya mfuniko yapaliwe mengi. Keki nyingi za mkaa zinaungua tako wakati uso bado mbichi, kwa kuwa mtu anaiona sufuria kama anapika mchuzi. La pili, pasha sufuria kubwa kabla ya keki kuingia. Mimi hunyunyiza unga kidogo ndani yake na kufunika. Nikifunua baada ya dakika mbili tatu unga ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, naingiza keki. Ukiwa mweusi, napunguza makaa nangoja. Ukiwa mweupe bado, nangoja pia. Sufuria ndogo yenye rojo naipaka mafuta na kuinyunyizia unga, naijaza nusu tu na ushee, naiweka juu ya vijiwe vitatu ndani ya ile kubwa ili isiguse chini. Siku hizi nina mtungi mdogo wa gesi, natumia mchanga safi badala ya vijiwe, na sehemu iliyobaki ni ileile, isipokuwa uso haupati rangi nzuri kama ule wa mkaa.

Mfuniko haufunuliwi kabla ya dakika ishirini na tano. Kuangalia kama imeiva mama anatumia chelewa, anayoichomoa kwenye fagio jipya ambalo halijagusa sakafu. Mbeya sikuwa na mnazi, natumia kisu chembamba. Pua hutangulia: keki ikikaribia kuiva harufu inabadilika, ile ya viungo vibichi inatulia na inakuja ya kitu kilichookwa. Hapo ndipo nachomeka kisu.

Miaka miwili baadaye nilijifungua, na mama alikuja kunilea. Alisafiri kwa basi kutoka Muheza na mzigo ambao nusu yake ilikuwa viungo, na ndani ya kanga, kimefungwa kama kitoto, kikombe chake cha bati. Siku ya nne alisema wageni wanakuja kumwona mtoto, ataoka keki. Nilikuwa kitandani, mlango wa jikoni uko wazi, namwona. Alipochota kijiko cha kwanza cha beking poda, kimerundikwa hadi kinamwagika, nilifungua mdomo. Kisha nikaufunga. Sikuona namna ya kumwambia mama yangu, kwenye keki aliyonifundisha yeye, kwamba anakosea. Nikajiambia labda kwake itakubali.

Ilizama. Nilimsikia anafunua mfuniko, halafu kimya kirefu, halafu anafunika tena. Alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda, akamchukua mtoto.

“Keki imeanguka,” alisema.

“Pole mama.”

“Miaka yote hii haijawahi kuanguka.” Akamtikisa mtoto kidogo. “Na maharage jana nimeyachemsha mpaka nimeyachoka. Kuna nini huku?”

Nikamweleza mambo ya mita 1,700 na maji ya nyuzi 94 na ule mchoro wa chaki. Alisikiliza bila kunikatiza, kama alivyokuwa akisikiliza habari za redioni. Nilipomaliza aliniuliza, “Wewe yako inasimama?” Nikasema inasimama. “Basi nipe kijiko chako.” Nikamwelekeza daftari lilipo, na mimi nikiwa na mtoto kifuani nikamsomea kutoka kitandani, naye jikoni akatenda, akikwangua kijiko kwa mgongo wa kisu kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona nao. Alisita kwenye mafuta ya viungo, akasema hayo ni mambo ya pilau. Alipofunua bakuli mafuta yalipopoa, akanusa, akanusa tena, hakusema neno. Wageni walikula keki ile mpaka makombo. Yeye alikula vipande viwili na kuniambia sukari ni kidogo.

Alikaa nami siku arobaini, akaondoka na nakala ya ukurasa ule wa daftari, niliyomwandikia kwa herufi kubwa. Kikombe cha bati aliniachia. Wiki mbili hazijapita, simu ikaita alasiri, nikajua saa hiyo Muheza ni saa ya chai.

“Mwanangu, keki yako haikupanda. Imekaa chini kama mkate wa boflo uliokaliwa. Nimekwangua kijiko, kimoja tu, kama ulivyoandika. Mafuta ya viungo nimetia, hayo mazuri, hayo siachi tena. Lakini haikupanda.”

“Mama, uko Muheza.”

“Ndiyo, niko kwangu.”

“Basi rundika.”

“Nirundike?”

“Rundika, mama. Kama zamani.”

Nikamsikia anamwita mtu jikoni amletee kopo.